Chumvi, Magadi na Mchanga: Maelezo ya Kutayarisha Tangi la Samaki wa Baharini Mjini Babati

Maelezo haya yanahusu mambo mawili ambayo hayatenganiki: kazi ya kutayarisha tangi la kioo litakalokaliwa na samaki wa baharini, na maneno ya Kiswahili yatakikanayo ili kazi hiyo ielezwe bila ya kumpoteza asikiaye. Mfano wetu ni mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara uliokatwa kutoka Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Mji huo uko zaidi ya kilometa 350 kutoka pwani, na wenyeji wake husema Kigorowa, Kiiraqw, Kimbugwe, Kirangi na lugha nyinginezo kabla ya Kiswahili. Mwalimu wa sekondari akitaka kuwaonyesha wanafunzi wa huko kaa na samaki wa miambani, hana budi kuileta bahari ndani ya chumba. Neno likikosewa katika kazi hii, kiumbe hufa.

I. Maji ya chumvi ni maji gani?

Kwa mtu wa pwani, maji ya chumvi ni maji ya bahari, wala hana haja ya kuuliza zaidi. Kwa mtu wa Babati jambo si jepesi. Ziwa Babati lililo kando ya mji ni la maji baridi na viboko. Lakini kaskazini yake yako maziwa ya Burunge na Manyara, na upande wa Mlima Hanang liko Balangida. Maziwa hayo matatu hayana mto utokao. Maji huingia, jua huyakausha, na kilichoyeyuka hubaki. Mwenyeji akiyaonja husema kwa haki kabisa kwamba ni maji ya chumvi. Basi akisoma kwamba samaki wa baharini ataka maji ya chumvi, kwa nini asipeleke madumu Burunge?

Jibu limo katika neno ambalo Kiswahili kinalo tangu zamani: magadi. Mpishi wa makande na msaga ugoro wajua vema kwamba magadi si chumvi. Katika bahari, kila kilo moja ya maji ina gramu zipatazo 35 za chumvi za namna nyingi. Ile ya mezani ndiyo kubwa, pamoja nayo magnesi, kalisi na nyinginezo. Kipimo cha ukali wa maji hayo, yaani pH, ni kama 8.1 au 8.2. Katika Ziwa Manyara kipimo hicho huzidi 9, na kalisi ni haba mno, kwa kuwa hugandamana na magadi ikashuka chini. Samaki wa baharini hawezi kuishi humo. Kwa hiyo twapendekeza waandishi waandike maji ya bahari, maji ya magadi na maji baridi, na kuliacha jina la maji ya chumvi litumike katika mazungumzo tu.

Wala chumvi ya dukani haiwezi kurudishwa kuwa bahari. Ile ya Uvinza yatoka katika chemchemi za bara. Ile ya mashamba ya Bagamoyo yatoka baharini kweli, lakini maji yakaukapo katika majaruba hutangulia kuganda chokaa, kisha jasi, ndipo chumvi ya kula. Na maji machungu yenye magnesi humwagwa. Mtu akiiyeyusha tena apata sehemu moja tu ya kile kilichokuwamo. Aliye bara hutumia chumvi iliyochanganywa makusudi kwa kazi hii, huku akiipima mpaka uzito wa maji ufikie 1.025 ukilinganishwa na 1 ya maji baridi.

II. Tandiko

Kile kinachotandazwa chini ya tangi hakina jina lililokubaliwa. Sakafu haifai, maana ni kitu kigumu kilichopigwa kikashikana. Kitanda cha mchanga ni tafsiri ya neno kwa neno, nacho chamchekesha mwenye lugha. Sisi twachagua tandiko, kutoka kutandika: kitu kilichotandazwa juu ya kingine, nacho chaweza kuondolewa.

Tandiko lililo bora ni mchanga wa matumbawe, yaani mabaki ya matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi. Asili yake ni kalisi. Maji yakianza kuwa makali kwa uchafu, mchanga huo huyeyuka kidogo kidogo na kuyapoza. Husaidia, ingawa hautoshi peke yake. Mchanga wa mtoni hauyapozi maji. Changarawe ya Minjingu, palipo mgodi wa fosfeti, ni mbolea. Ndani ya tangi yaweza kulisha mwani mpaka kioo kisionekane. Wala chokaa isishikwe kuwa ni badala ya matumbawe. Neno chokaa twalitumia kwa jiwe lenyewe na kwa unga uliotoka tanuuni. Lakini jiwe likichomwa hugeuka kitu kingine, na konzi moja ya unga huo yatosha kuyapandisha maji ghafula na kuua.

Ukubwa wa punje yafaa uangaliwe. Punje zilizo chini ya milimeta 1 hupeperushwa na mkondo wa pampu. Zilizozidi milimeta 4 huacha nyufa ambamo chakula huingia na kuvunda. Milimeta 1 hadi 2 ni wastani mwema, na kina cha sentimeta 3 hadi 5. Tandiko la kina kirefu hukosa hewa chini; pakionekana weusi na harufu ya yai viza, ni ishara ya sumu.

Matumbawe yenyewe yasivunjwe baharini. Uchimbaji wa chokaa umekwisha kuharibu miamba ya Mafia na Mikindani, na biashara ya matumbawe magumu kati ya nchi na nchi iko chini ya mkataba wa CITES. Mawe makavu ya matumbawe ya kale, yachimbwayo nchi kavu kwa kujengea nyumba, yakioshwa vizuri hufanya kazi ile ile.

III. Kukomaza maji

Tangi likijazwa leo, samaki wasitiwe leo. Mnyama hutoa amonia, nayo ni sumu. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky alionyesha kwamba wako bakteria wanaoishi kwa kuigeuza: kundi la kwanza hufanya amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kundi la pili hufanya nitriti kuwa nitreti, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao hushikamana na tandiko na mawe zaidi ya kuelea majini. Kazi yetu ni kuwangoja waongezeke.

Hutiwa amonia kidogo, kama miligramu 2 kwa lita, au kipande cha kamba kikaachwa kivunde. Kwanza amonia hupanda. Halafu hushuka na nitriti hupanda. Mwisho nitriti nayo hushuka. Aghalabu yachukua majuma manne hadi sita. Maji yamekuwa tayari pindi amonia iliyotiwa leo, pamoja na nitriti, isipoonekana kesho. Ndipo sehemu ya maji hubadilishwa ili nitreti ipungue, na samaki mmoja au wawili hutiwa.

Mambo mawili ni ya Babati hasa. Mji huo uko zaidi ya mita 1,300 juu ya bahari, na huko maji hushika oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 15. Bakteria na samaki wote waihitaji, hivyo maji yatibuliwe sana juu. La pili, sumu ya amonia hukua kadiri pH ipandavyo: kwenye 7 sehemu iliyo sumu kali haifiki 1 katika 100, kwenye 8.2 ni kati ya 5 na 10; kwenye 9.5 huzidi nusu. Hii ndiyo sababu nyingine ya kuogopa magadi. Perege wa Ziwa Magadi, Kenya, ameliepuka tatizo hilo kwa kutoa urea badala ya amonia. Samaki wa miamba hana hila hiyo.

Kazi hii wengine huiita mzunguko, wakifuata lugha za kigeni. Lakini pampu nayo huzungusha maji, na mwanafunzi akiambiwa aache mzunguko uendelee majuma sita, atawasha pampu na kutia samaki siku ile ile. Kuivisha nako kwaleta fikira ya jikoni. Kukomaza kwaeleza jambo lenyewe: kitu kiliopo, kinachofikia utu uzima wake kwa wakati.

IV. Orodha ya maneno

Maji ya bahari: maji yenye chumvi zote za bahari kwa kadiri yake.
Maji ya magadi: maji ya ziwa lisilo na mto utokao, yenye pH ya juu.
Tandiko: mchanga au changarawe iliyotandazwa chini ya tangi.
Jiwe la matumbawe: tumbawe kavu lisilochomwa.
Chokaa: unga uliotoka tanuuni tu.
Kukomaza maji: kuwalea bakteria wa tangi kabla ya kutia samaki.
Mzunguko: mwendo wa maji uletwao na pampu.

Maneno haya yote yamo vinywani mwa watu tangu zamani. Hapana hata moja lililobuniwa hapa. Kilichobaki ni kuyawekea mipaka, na kuwafundisha kwayo wale ambao bahari wataiona kwanza kupitia kioo.