Kitabu, Vitabu na Mashine: Kiswahili katika Katalogi ya Maktaba ya Shule

1.0 Utangulizi

Kompyuta inapoingia katika maktaba ya shule, wengi husadiki kwamba kazi ya mkutubi imepungua. Kadi zilizopangwa kialfabeti huondolewa, na badala yake mwanafunzi huandika neno kwenye skrini na kungoja majibu. Mhadhara huu unadai kinyume chake: katika maktaba yenye vitabu vya Kiswahili, mashine humwongezea mkutubi kazi, na kazi hiyo ni ya kiisimu. Sababu yake imo katika muundo wa maneno ya Kiswahili yenyewe.

2.0 Viambishi awali na faharasa ya kompyuta

Utafutaji wa kompyuta hutegemea faharasa, yaani orodha ya maneno yote yaliyomo katika kumbukumbu za vitabu, iliyopangwa kwa kufuata herufi za mwanzo. Kwa lugha kama Kiingereza mpango huu una manufaa makubwa, kwa sababu mabadiliko mengi ya neno hutokea mwishoni. Mtafutaji akiandika mwanzo wa neno tu, programu humletea umoja, wingi na maneno mengi yaliyonyambuliwa kutokana nalo.

Nomino ya Kiswahili hubadilika mwanzoni. Maneno shairi, mashairi, mshairi, washairi na ushairi ni ya ukoo mmoja, lakini katika faharasa yametawanyika chini ya herufi S, M, W na U. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiandika "mashairi", programu isiyojua ngeli haitamwonyesha kitabu ambacho kumbukumbu yake ina neno "ushairi" peke yake. Kitabu kimo rafuni, ila kwa mwanafunzi huyo hakimo.

Tatizo hili si geni kwa wanaleksikografia. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliyaweka maneno mengi yaliyonyambuliwa chini ya mzizi wake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 iliorodhesha nomino kwa umbo lake kamili, pamoja na kiambishi. Njia ya kwanza humdai msomaji aujue mzizi. Ya pili hutenganisha ndugu. Katalogi ya kompyuta imeifuata njia ya pili bila kukusudia, na bila mtu wa kuwaunganisha ndugu hao.

Je, haitoshi kuiamuru mashine ikate viambishi? Haitoshi. Ikikata ki- katika neno kitabu, itabakiwa na "tabu", neno lenye maana nyingine kabisa. Silabi hiyo ilikuja na neno lenyewe kutoka Kiarabu, kisha wasemaji wakaichukua kuwa kiambishi cha ngeli na kupata wingi vitabu. Aidha, sauti hubadilika panapokutana mofimu: wingi wa ulimi ni ndimi, na wa jino ni meno. Uchanganuzi wa mofolojia kwa kompyuta unawezekana, na umefanywa kwa Kiswahili, lakini programu za kawaida za maktaba hazikujengwa juu yake.

3.0 Mada, majina na namba

Ugumu wa pili hutokana na majina ya vitabu. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyochapishwa mwaka 1973, ni diwani, lakini jina lake halitaji ushairi. Mashine haiwezi kuujua utanzu wake mpaka mkutubi aandike mada. Naye akiandika mada, hana budi kuchagua: utenzi au utendi? Kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Hata jina la mwandishi lina utata. Shaaban Robert (1909–1962) huorodheshwa na baadhi ya waandishi chini ya S na na wengine chini ya R. Katalogi inayochanganya desturi hizo mbili humgawa mtu mmoja kuwa wawili.

Namba za uainishaji zimesalimika na shida ya viambishi. Katika mfumo wa Melvil Dewey, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1876, lugha ya Kiswahili ina namba 496.392 na fasihi yake 896.392. Hata hivyo, shule ikifupisha namba ya pili kuwa 896, riwaya ya Kiswahili huchanganyika na fasihi za lugha nyingine za Kiafrika.

4.0 Kazi ya mkutubi

Tiba ya sehemu kubwa ya matatizo haya haihitaji fedha nyingi. Programu ya Koha, iliyoanza kutumika New Zealand mwaka 2000, hutolewa bila malipo, na huweza kuendeshwa ndani ya shule pasipo intaneti. Kinachohitajika zaidi ni uamuzi wa kilugha. Mkutubi achague umbo moja la kila mada, kwa mfano "Ushairi", kisha aingize maelekezo ya "tazama" kutoka shairi, mashairi na mshairi. Afanye vivyo hivyo kwa visawe, kwa tofauti za lahaja na kwa majina ya waandishi. Hali kadhalika, ayatunze maneno ambayo wanafunzi huyaandika na kukosa majibu, kwa kuwa hayo humwonyesha pengo lilipo.

5.0 Hitimisho

Mwanafunzi aliyekosa jibu kwa Kiswahili hasemi kwamba faharasa ina kasoro. Huamini kwamba hakuna kilichoandikwa, akageukia Kiingereza. Jambo hilo likirudiwa katika shule nyingi, huzaa dhana kwamba Kiswahili ni lugha isiyo na maarifa, ilhali maarifa yamo rafuni. Si haki kumwachia mkutubi mmoja wa shule mzigo huu. Orodha sanifu ya mada za Kiswahili, yenye umoja, wingi, visawe na maelekezo yake, ni kazi ya wanaisimu na wanaleksikografia wakishirikiana na wakutubi. Wataalamu wa Kiswahili wanayo tayari mali ghafi yake katika kamusi walizokwisha kuzitunga.