Modemu Imeungua, au Imesahaulika?

Dada mwenye steshenari aliiweka modemu mezani taratibu, kama mtu anayeleta kuku aliyemkuta amekufa bandani asubuhi.

"Kaka, juzi tu nilikuwa naitumia. Fundi kanipigia Windows mpya, sasa haisomi kabisa. Kasema imeungua, ninunue nyingine."

Niliichomeka. Taa ndogo ya kijani ikakonyeza mara mbili, ikapumzika, ikakonyeza tena mara mbili. Haikupita dakika ikageuka bluu. Kwa modemu za 3G za aina ile, bluu maana yake mnara umeonekana na laini imekubaliwa. Maiti haikonyezi.

Hiyo ilikuwa mwaka 2020, Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 7 na watu wakahamia Windows 10 kwa mkupuo. Oktoba 14, 2025 ikawa zamu ya Windows 10 yenyewe, na maneno yale yale yamerudi kwenye vibanda vya mafundi. Haya ndiyo ninayoyasikia zaidi.

"Kompyuta isipoisoma, modemu imeungua."

Si kweli, na uongo huu ndio unaowala watu hela. Modemu ya USB ina nyuso mbili. Watengenezaji hawakutaka kila mnunuzi apewe na CD, basi wakaiweka CD ndani ya modemu. Ukiichomeka, kwanza inajitambulisha kwa kompyuta kama kisahani cha CD chenye programu. Programu na draiva zikishaingia, kompyuta inaitumia amri fupi, nayo inaukunja uso huo na kuibuka kama modemu. Ukipiga mfumo mpya, draiva za zamani zimefutika, hakuna wa kutoa ile amri. Modemu inabaki imekaa na uso wake wa kwanza, ikisubiri.

Kwenye kompyuta ya yule dada ushahidi ulikuwa wazi: ukifungua This PC unaona alama ya CD, na laptopu yenyewe haina hata mlango wa CD.

Watumiaji wa Linux wanaweza kuliona jambo hili kwa macho. Andika lsusb, utaona namba mbili zilizotenganishwa na nukta mbili. Kwa modemu ya Huawei namba ya kwanza ni 12d1 na haibadiliki. Ya pili inaweza kuwa 1446 wakati ni CD, halafu ikawa 1436 au 1001 ikishageuka, kutegemea modeli. Kazi ya kuigeuza huko inafanywa na programu iitwayo USB_ModeSwitch, ya Josua Dietze. Kama umesasisha mfumo na namba ya pili haibadiliki, anza na programu hiyo kabla hujaigusa modemu.

Kwenye Windows, ondoa kwanza mabaki ya programu ya zamani, zima na kuwasha, ndipo uingize mpya. Ile iliyomo ndani ya modemu yenyewe mara nyingi ni ya enzi za XP na inaweza kukataliwa, kwa hiyo tafuta toleo jipya zaidi la mtengenezaji. Hapo ndipo kichekesho kinapokuja: unahitaji intaneti ili upate intaneti. Tumia hotspot ya simu. Au, ukiwa na bahati ya kuyasoma haya mapema, pakua draiva na uziweke kwenye flashi kabla fundi hajaanza kazi.

Kujua kama umefanikiwa, ingia Device Manager, fungua Modems, chagua yako, nenda Diagnostics, bonyeza Query Modem. Ikijibu kwa mistari ya herufi, iko hai na inakusikia, hata kama intaneti bado haijaingia. Ya dada ilijibu. Alinitazama mimi, akaitazama skrini, kisha akauliza yule fundi amefungua ofisi saa ngapi.

"Bila programu ya kampuni ya simu, hakuna intaneti."

Si kweli. Ile programu yenye rangi za kampuni ni mpigaji simu tu. Draiva ikishakaa, Windows inaweza kupiga yenyewe: tengeneza muunganisho wa dial-up, weka namba \*99#, kisha andika APN, yaani jina la lango la intaneti la mtandao wako, kwenye mipangilio ya modemu. Nchini Kenya, kwa mfano, APN ya Safaricom ni safaricom. Mitandao mingine mingi hutumia neno internet. APN ikikosewa, taa itawaka bluu vizuri na hutapata kitu.

Wenye Mac walioitegemea programu hiyo pekee walijifunza kwa uchungu. macOS Catalina ilipotoka Oktoba 2019 iliziacha programu zote za biti 32, na programu nyingi za modemu zilikuwa za aina hiyo. Watu walilala wana intaneti, wakaamka wana alama ya duara lenye mstari juu ya ikoni.

"Draiva ni draiva, hata kama ni ya biti 32."

Si kweli. Windows ya biti 64 haiikubali. Mafundi wengi hukupandisha kutoka 32 kwenda 64 bila kukuambia.

"Modemu za kisasa hazihitaji draiva."

Nusu kweli. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, mfumo unakuja na draiva yake kwa modemu zinazofuata utaratibu wa MBIM. Kuna pia zile za HiLink, ambazo hazipigiwi simu kabisa: kompyuta inaziona kama waya wa mtandao, na mipangilio yake unaifungua kwenye kivinjari kwa anwani 192.168.8.1. Hizi huvuka mabadiliko ya mfumo kirahisi zaidi. Lakini nazo zina uso wa CD mwanzoni, kwa hiyo zinaweza kukwama pale pale.

"Mfumo mpya unafanya modemu ile bando."

Kweli, isipokuwa mlaji si modemu. Nimesema kwamba HiLink inaonekana kama waya. Windows ikiona waya inadhani iko ofisini kwenye intaneti isiyopimwa, na mfumo uliotoka kupigwa huwa na njaa ya masasisho. Bando la wiki linaweza kuisha kabla hujafungua barua pepe moja. Dawa yake ni kuiambia kuwa intaneti hii inapimwa: Settings, Network, Ethernet, washa Metered connection. Kitufe hicho kwa upande wa waya kilikuja na Windows 10 toleo 1703, mwaka 2017. Kiwashe kabla ya kuweka vocha. Mimi nilikiwasha baada.

"Inaomba PIN, jaribu jaribu itakubali."

Usijaribu. Programu ya zamani ilikuwa imekukumbukia PIN ya laini, ndiyo maana umeisahau. Ukikosea mara 3 unadaiwa PUK, na PUK ukiikosea mara 10 laini hiyo inakufa kweli, haifufuki. Itafute kwanza PIN yenyewe, ndipo uhamishie laini kwenye simu, uizime PIN huko, kisha uirudishe laini.

"Tundu lolote la USB ni sawa."

Si kweli. Tundu la USB 2.0 linatoa hadi miliampea 500, na modemu inapotafuta mnara wa mbali inazitaka karibu zote. Huawei E220 ya zamani iliuzwa na waya wa vichwa viwili kwa sababu hiyo hiyo. Epuka kigawio cha USB chenye matundu manne. Zaidi ya hapo, mfumo mpya hurudisha mpangilio wa kuzima USB ili kuokoa umeme, na modemu inakatika kila ukiiacha kidogo. Kwenye Device Manager, fungua USB Root Hub, kwenye Power Management ondoa tiki.

"Rudisha Windows ya zamani, itakubali tu."

Inategemea uko wapi. Kama ndugu yako yuko Ujerumani na modemu yake ni ya 3G, hakuna Windows itakayomsaidia: Deutsche Telekom na Vodafone walizima 3G huko mwaka 2021. Marekani, AT&T ilizima Februari 2022. Huko ile taa ya bluu haitawaka tena, na ushauri wa fundi wa yule dada, wa kununua nyingine, ungekuwa sahihi kabisa.