Zabibu za Delano na neno "amekubali mwenyewe"

Aristotle ana mfano ambao kila mwanafunzi wa falsafa hukutana nao. Nahodha amekumbwa na dhoruba, chombo kinataka kuzama, naye anatupa shehena majini ili aokoe watu. Je, ametupa kwa hiari? Aristotle anajibu kwamba tendo hilo ni la mchanganyiko: saa ile nahodha amechagua mwenyewe, lakini hakuna mwenye akili timamu ambaye angetupa mali yake bahari ikiwa shwari. Sisi wanafalsafa tunapenda kuuacha mfano huu hukohuko baharini. Katika makala hii tunauleta nchi kavu, kwenye mashamba ya matunda ya California nchini Marekani, kwa sababu huko swali la hiari liliulizwa na watu wenye njaa, na likaingia hadi ndani ya parokia.

Tuanze na riwaya. Mwaka 1936 mwandishi John Steinbeck alitembelea kambi za vibarua wahamaji wa California, akaandika mfululizo wa makala katika gazeti moja la San Francisco. Wengi aliowakuta walikuwa wakulima wa Oklahoma na majimbo ya jirani, waliong'olewa kwao na ukame, dhoruba za vumbi, madeni na matrekta. Mwaka 1939 akatoa riwaya ya The Grapes of Wrath, yaani Zabibu za Ghadhabu, jina linalomrudisha msomaji wa Biblia kwenye shinikizo la zabibu katika Ufunuo sura ya 14.

Humo familia ya Joad inavutwa na vikaratasi vya matangazo: California kuna kazi, wanatakiwa watu. Mtego uko hapo. Matangazo yanawafikia watu wengi kuliko kazi iliyopo, na wanapofika wengi, kila mmoja anakubali kulipwa kidogo kuliko mwenzake ili mradi watoto wale. Siku moja akina Joad wanasindikizwa na polisi hadi shamba la pichi, huku watu wakipiga kelele nje ya lango. Wanalipwa senti 5 kwa sanduku. Usiku Tom, kijana wa familia, anatoka nje na kumkuta Casy, mhubiri wa zamani aliyeacha kuhubiri, akiongoza mgomo. Casy anamweleza: wale waliogoma waliahidiwa senti 5 vilevile, na walipofika wakaambiwa ni senti mbili na nusu. Usiku huohuo Casy anapigwa kwa mpini wa sururu na kufa. Mgomo unavunjika, na ujira wa akina Joad unashuka hadi senti mbili na nusu.

Tunaomba msomaji asiwahi kuwahukumu akina Joad. Hawakujua kwamba wameletwa kuvunja mgomo. Njaa ilikuwa pande zote mbili za lango, na mwenye shamba alichofanya ni kuitumia njaa ya hawa dhidi ya njaa ya wale. Ukimwuliza, atasema kila kibarua alikubali mwenyewe.

Jibu hilo Baba Mtakatifu Leo XIII alikwisha kulipima mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum. Alikubali kwamba mwajiri na mfanyakazi wapatane kuhusu ujira. Lakini juu ya mapatano yao, alifundisha, kuna haki ya asili iliyo ya kale kuliko mkataba wowote: ujira umtosheze mfanyakazi kuishi. Akikubali masharti magumu kwa sababu ya shida, au kwa kuogopa baya zaidi, basi ametendewa kwa nguvu, na hiyo ni dhuluma. Ni nahodha yuleyule wa Aristotle, isipokuwa hapa dhoruba ina mtu anayefaidika nayo.

Riwaya ile haikupendwa na wenye mashamba. Agosti 1939 wakuu wa wilaya ya Kern, California, waliipiga marufuku katika shule na maktaba za umma. Delano, mji mdogo uliozungukwa na mizabibu, uko katika wilaya hiyohiyo, na huko mwaka 1965 hadithi iliendelea bila Steinbeck.

Kabla ya hapo tueleze jambo moja la sheria, maana bila hilo mgomo wa Delano haueleweki. Mwaka 1935 Marekani ilipitisha sheria ya taifa iliyowapa wafanyakazi haki ya kuunda vyama na kujadiliana na waajiri. Vibarua wa mashambani na watumishi wa nyumbani waliachwa nje. Kisha kuanzia 1942 hadi 1964 serikali iliruhusu vibarua waletwe kutoka Meksiko kwa mikataba ya muda, na mara nyingi wenye mashamba waliwatumia kuvunja migomo. Mpango huo ulipokwisha, mlango ukafunguka kidogo.

Walioanza ni Wafilipino. Tarehe 8 Septemba 1965, wakiongozwa na Larry Itliong, waliacha kuvuna zabibu wakidai dola 1.40 kwa saa. Siku nane baadaye chama cha vibarua wenye asili ya Meksiko, chini ya César Chávez, kilikutana katika ukumbi wa parokia ya Mama Yetu wa Guadalupe, Delano, kikapiga kura ya kujiunga nao. Chávez alikuwa amefundishwa nyaraka za kijamii za mapapa na padre mmoja, Donald McDonnell, miaka kadhaa nyuma. Desemba ya mwaka huohuo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes, ukatamka kwamba mgomo unaweza kuwa njia ya lazima, ingawa ya mwisho, ya kutetea haki za wafanyakazi.

Ugumu ni kwamba wenye mashamba nao walikuwa Wakatoliki. Wengi walikuwa watoto wa wahamiaji kutoka Kroatia na Italia, watu waliojenga maisha kwa jasho na kuchangia parokia zao. Mapadre wengi wa eneo lile walikaa kimya. Hatuoni sababu ya kuwadharau haraka. Anayemzika baba wa tajiri na kumbatiza mtoto wa kibarua wiki moja anajua uzito wake. Lakini katika mgomo ukimya humsaidia anayeweza kusubiri. Mwenye shamba anaweza kusubiri msimu mzima. Kibarua hawezi kusubiri Jumamosi mbili.

Wagomaji walilielewa hilo, wakatafuta namna ya kugeuza mizani. Kwaresima ya 1966 walitembea kutoka Delano hadi Sacramento, makao makuu ya jimbo, wakiwa na bendera ya Bikira Maria wa Guadalupe, wakafika Jumapili ya Pasaka. Wakiwa bado njiani kampuni moja kubwa ikakubali kukitambua chama chao. Halafu wakawaomba watu wa mijini wasinunue zabibu. Tangu 1947 sheria ilikataza vyama vingine kususia maduka yanayouza bidhaa za mwajiri, lakini vibarua wa shamba hawakuwa chini ya sheria hiyo. Kule kuachwa nje kukawa silaha. Sasa aliyeshindwa kusubiri ni mwenye zabibu.

Maaskofu wa Marekani waliunda kamati ya upatanishi, na tarehe 29 Julai 1970 wenye mashamba 26 wa Delano walitia saini mikataba. Haikuwa harusi ya kila mtu: Itliong alijiuzulu uongozi mwaka 1971, akiona Wafilipino walioanzisha mgomo wamesukumwa pembeni. Mwaka 1975 California ikawapa vibarua wake wa mashambani sheria ya kuchagua vyama kwa kura. Sheria ya taifa ya 1935 bado inawaacha nje.