Mtekaji anapoonewa huruma

Mzazi mmoja alitujia na swali ambalo siku ile hatukuwa na jibu lake. Binti yake, mwanafunzi wa kidato cha nne, alikuwa amemaliza kutazama katika simu tamthiliya ya Kimarekani iitwayo You, na alipoulizwa inahusu nini alijibu kwamba ni ya kijana anayependa kupita kiasi. Kisha akaongeza neno moja: maskini. Baba akauliza kwa wengine, akaambiwa kuwa kijana huyo humfungia mpenzi wake katika kizimba cha kioo na mwisho humuua. Mzazi hakuja kutaka fatwa ya kutazama au kutotazama. Hilo, alisema, atalimaliza nyumbani kwake. Alitaka kujua neno "maskini" limetoka wapi.

Tuliona si haki kujibu juu ya kitu tusichokijua. Tukautazama msimu wa kwanza wote, sehemu kumi, na mahali pengine tukapeleka mbele kwa haraka kwa kuwa pana mambo yasiyofaa kutazamwa na watu wanaoheshimiana.

Asili ya hadithi ni riwaya ya Caroline Kepnes, iliyochapishwa mwaka 2014. Joe Goldberg ni msimamizi wa duka la vitabu mjini New York. Anaingia mteja, Guinevere Beck, msichana anayesomea uandishi chuoni. Wanazungumza dakika chache tu, habari za vitabu. Joe analitafuta jina lake mtandaoni, anapajua anapoishi, anakwenda kusimama ng'ambo ya barabara akimtazama kupitia dirishani. Baadaye anaichukua simu yake na kusoma kila anachoandikiana na rafiki zake. Chini ya duka pana chumba, na ndani ya chumba kizimba cha kioo kilichotengenezwa ili kuhifadhi vitabu adimu visiharibike. Humo anafungiwa kwanza mwanamume aliyekuwa na uhusiano na Beck, naye hatoki hai. Rafiki wa karibu wa Beck anauawa pia. Mwishowe anaingizwa Beck mwenyewe.

Anayetusimulia haya yote, karibu kutoka mwanzo hadi mwisho, ni Joe. Jina la tamthiliya maana yake ni "wewe", na huyo "wewe" ni Beck anayesemeshwa moyoni mwa mtu asiyemjua: wewe umevaa hivi, wewe umecheka vile, wewe unanihitaji ila hujajua bado. Sauti ni ya upole, ina mzaha, ni sauti ya mtu aliyesoma. Kila afanyalo analitolea sababu kabla hatujauliza. Akiiba simu, ni kwa ajili ya kumlinda. Akimtenga na marafiki, ni kwa sababu marafiki hawamfai. Mwamuzi akimsikiliza mdai mmoja tu kwa muda wa saa saba, huku upande wa pili ukipita mbele yake kama picha, hukumu yake tunaijua kabla hajaisoma.

Ndivyo ilivyokuwa. Tamthiliya ilianza kuonyeshwa Septemba 2018 katika kituo cha Lifetime nchini Marekani, wala haikuvuma. Disemba 26 mwaka huohuo ikaingia Netflix katika nchi nyingi, na Januari kampuni hiyo ikawaarifu wenye hisa kwamba inakadiria nyumba zaidi ya milioni 40 zitakuwa zimeitazama katika majuma manne ya mwanzo. Ndipo maoni yalipofurika. Watazamaji waliandika kwamba Joe anavutia, kwamba laiti wangepata wa kuwapenda namna ile. Mmoja alimwomba mwigizaji wake, Penn Badgley, amteke. Badgley alikataa kwa adabu na kwa ufupi. Mwingine akauliza Joe ana nini hata anauvunja moyo wake. Akajibiwa kwamba Joe ni muuaji. Tunakiri tulicheka tulipolisoma jibu hilo, kisha tukaona si la kuchekesha. Ni nadra mwigizaji kuwasihi watu wasimpende mtu anayemwigiza, ilhali mapenzi hayohayo ndiyo yanayouza kazi yake.

Mwigizaji mashuhuri Millie Bobby Brown, aliyekuwa na miaka 14 wakati huo, naye alitangaza kwamba haoni tatizo kwa Joe, anapenda tu. Alipofika mwisho wa hadithi alirudi mbele ya watu wake na kusema amebadili maoni. Alikuwa mtoto, na alirudi. Watu wazima wengi hawakurudi.

Palikuwa na kundi jingine lililomcheka Beck. Mbona nyumba yake haina mapazia? Anaishi karibu na barabara, madirisha mapana, taa zimewaka, kila mpita njia anamwona. Maneno haya yalikuwa mengi mno, na tunajua yangekuwa mengi hata huku kwetu, pengine zaidi. Pazia ni jambo jema, hatubishi. Lakini sisi tuliopita madrasani tulifundishwa tungali wadogo kubisha hodi mara tatu na kurudi tusipojibiwa, tukafundishwa pia kwamba kuchungulia nyumba ya mtu ni kosa la anayechungulia. Hatukumbuki somo lolote lililoanza kwa kumhoji mwenye nyumba juu ya dirisha lake.

Hata hivyo, sauti ya Joe peke yake haikutosha kuzaa huruma ile. Iko hila ya pili, na iliyotugusa zaidi ni hii. Katika jengo anamoishi Joe yumo mtoto, Paco, ambaye mama yake anaishi na mwanamume katili. Joe humpa Paco vitabu, humpa chakula, hukaa naye ngazini wakati ndani kunapigwana. Mwisho humuua yule mwanamume, na Paco anashuhudia. Mtazamaji anapumua: kumbe ana moyo. Ndiyo, ana wema, wala si wa kujifanya. Lakini angalia wema huo unalipwa lini. Katika sehemu ya mwisho Beck anafanikiwa kumgeuzia Joe kibao, anatoka kizimbani, anapanda ngazi, anaukuta mlango wa juu umefungwa. Anagonga, anapiga kelele. Upande wa pili wa mlango yupo Paco. Anasikia kila neno, naye anaondoka bila kufungua. Joe amemfanyia hisani kubwa mno.

Tulisimamisha picha hapo. Yule mtoto mlangoni tulimtambua. Ni mtazamaji aliyechekeshwa na kubembelezwa tangu sehemu ya kwanza, na sasa anaombwa afungue.

Si lazima hadithi ya namna hii isimuliwe hivyo. Mwaka 1963 Mwingereza John Fowles alitoa riwaya yake The Collector, ya kijana mkusanya vipepeo anayemteka msichana anayesomea uchoraji na kumfungia chini ya nyumba. Sehemu ya kwanza anasimulia mtekaji, naye anajitetea vizuri. Kisha mwandishi anamnyang'anya kalamu na kutupa shajara ya msichana, siku zilezile zikionekana kutoka ndani ya chumba. Msomaji aliyeanza kumwelewa kijana yule hujikuta ana la kujibu.

Wako wasemao kwamba haya ni michezo tu, nani asiyejua kuwa si kweli? Tungewaelekeza kwa Duffy, mwimbaji kutoka Wales. Mwanzoni mwa 2020 alieleza hadharani kwamba kunyamaza kwake kwa miaka mingi kulitokana na kutekwa, kuleweshwa dawa na kubakwa. Miezi michache baadaye Netflix ikaonyesha filamu ya Kipolandi, 365 Days, ambamo jambazi anamteka mwanamke na kumpa siku 365 ajifunze kumpenda, naye anampenda. Filamu ilipata watazamaji wengi sana, na mitandaoni walikuwepo tena walioomba kwa mzaha watekwe na mwigizaji yule. Julai mwaka ule Duffy alimwandikia barua ya wazi mkuu wa kampuni hiyo, akipinga kufanya utekaji kuwa kivutio. Hakuwa akibishana juu ya sanaa. Alikuwa ametoka katika chumba ambacho wengine walikuwa wakikitamani.

Nasi tunalo letu la kusema, wala si la kujivunia. Kamati ya msikiti huletewa mashauri ya ndoa, na tunalikumbuka moja. Mume alikuwa akiondoka asubuhi na simu ya mkewe mfukoni, na mlango akiutia kufuli kwa nje. Alikuja yeye kwanza kulalamika kwamba mke anataka kurudi kwao. Tulimsikiliza kwa muda mrefu. Alizungumza kwa adabu, akatoa machozi, akasema hawezi kuishi bila yeye. Mmoja wetu akasema wivu ni dalili ya mapenzi, na sisi wengine tukaitikia kwa vichwa. Mke aliketi na shangazi yake penye mlango, na mpaka adhana ilipotuinua hakuna aliyemwuliza lolote. Aliporudi juma la pili ndipo tulipoijua habari ya kufuli, na aliyeitaja ni shangazi. Ndoa ile haikudumu. Ilichukua muda mrefu zaidi kuliko ilivyostahili, na sehemu ya muda huo ilikuwa yetu.

You ilifungwa kwa msimu wa tano, Aprili 2025. Joe yumo gerezani, analetewa barua za watu wanaompenda, na mawazo yake ya mwisho yanawageukia watazamaji: huenda mwenye kasoro si yeye, huenda ni wewe. Wapo waliokasirika, wakasema wametukanwa. Sisi tunaona Joe alikuwa bado anafanya kazi yake ileile ya kumtwika mwingine kosa, ingawa safari hii alikuwa na ushahidi kidogo mkononi.

Yule mzazi tulimrudishia jibu kwa njia ya ombi. Tulimwomba asimfokee binti, amwambie tu asimulie hadithi ileile upya kama ambavyo Beck angeisimulia. Alikuja kutueleza siku chache baadaye. Binti alianza kwa wepesi, pale dukani, vitabu, yule kijana mcheshi. Akakwama. Akajaribu tena kutokea dirishani, akakwama. Mwisho akamtazama baba yake akasema: "Baba, hata sikumbuki alikuwa anasomea nini."