Ngozi kwa Kovu: Hesabu ya Kupunguza Mikono kwa Upasuaji

Mwaka 2013 chama cha madaktari bingwa wa upasuaji rekebishi cha Marekani kilitangaza kwamba wanawake zaidi ya 15,000 walikuwa wamefanyiwa upasuaji wa kuondoa ngozi iliyolegea kwenye mikono ya juu katika mwaka 2012 pekee, ilhali mwaka 2000 walikuwa mia tatu na ushei tu. Magauni yasiyo na mikono yalikuwa yameshika chati, na mikono ya Michelle Obama ilikuwa gumzo la nchi nzima. Kwetu Tanzania njia inayowafikisha watu kwenye upasuaji huu ni nyingine kidogo. Hospitali ya Taifa Muhimbili, katika tawi lake la Mloganzila, imekuwa ikiwawekea puto tumboni wanaotaka kupunguza uzito na ikifanya upasuaji rekebishi. Sindano za kupunguza hamu ya kula nazo zimeanza kujulikana mijini. Mtu aliyepungua kilo 30 au 40 hugundua kwamba mafuta yameondoka na ngozi imebaki, inaning'inia kati ya kwapa na kiwiko, inapigapiga kila anapopunga mkono. Mazoezi hayaikazi, kwa kuwa kilicholegea ni ngozi na wala si musuli. Hapo ndipo kisu kinapoanza kuwaziwa, na hapo ndipo swali la kovu linapopaswa kuulizwa kwa namna tofauti na linavyoulizwa kwa kawaida.

Kwanza tuelewe kinachofanyika. Daktari hukata kipande kirefu cha ngozi pamoja na mafuta yaliyo chini yake, kisha huvuta kingo mbili zilizobaki na kuzishona. Fundi cherehani anayepunguza mkono wa gauni huficha mshono wake upande wa ndani wa kitambaa. Ngozi haina upande wa ndani wa kufichia, kwa hiyo mshono hubaki nje. Kwa mtu mwenye ulegevu mkubwa, mstari huo huanza kwapani na kushuka hadi karibu na kiwiko, na wakati mwingine huendelea juu kupita kwapa hadi ubavuni. Tangu madaktari wa Argentina waandike kuhusu upasuaji huu wa urembo mwaka 1954, mjadala haujaisha juu ya mahali pa kuuweka mstari huo. Ukiwekwa upande wa ndani wa mkono, hauonekani mikono ikiwa imeshushwa, ila aliyesimama kwenye daladala akashika bomba la juu anawaonyesha abiria wote. Ukiwekwa nyuma, mwenyewe hauoni kwenye kioo, lakini anayemfuata nyuma barabarani anauona vizuri. Ipo njia ya mkato inayoacha kovu fupi lililojificha ndani ya kwapa, ambayo huwafaa wenye ulegevu mdogo ulio karibu na kwapa tu. Wenye ngozi nyingi ya ziada hawafai kwa njia hiyo, na daktari anayewaahidi vinginevyo anawauzia kitu ambacho hakipo.

Sasa tazama jinsi kovu linavyotajwa katika karatasi nyingi za maelezo wanazopewa wagonjwa. Huorodheshwa pamoja na kuvuja damu, maambukizi na kufumuka kwa mshono, chini ya kichwa cha madhara yanayoweza kutokea. Mpangilio huo unapotosha. Maambukizi yanaweza kutokea au yasitokee; kovu litatokea tu. Hatari iliyopo ni juu ya aina ya kovu: litakuwa jembamba na bapa, litapanuka, litainuka, litakuwa jeusi kuliko ngozi ya pembeni, au litaanza kukua lenyewe? Anayefanya upasuaji huu anabadilisha ngozi iliyolegea kwa kovu refu, na maamuzi mazuri huanza pale anapokubali kwamba hayo ni mabadilishano. Hapo ndipo anaweza kupima kama anachotoa kinamsumbua kuliko anachopokea.

Mtu anaweza kusema kwamba takwimu zinatuliza. Ni kweli, ziko zinazotuliza. Uchambuzi mmoja wa kumbukumbu za bima ya upasuaji wa urembo nchini Marekani, uliohusu wagonjwa zaidi ya 2,200 waliopunguzwa mikono, ulikuta kwamba waliopata madhara makubwa ni asilimia 3.4 tu. Lakini soma masharti yake: yaliyohesabiwa ni madhara makubwa yaliyojitokeza ndani ya siku 30. Siku ya 30 kovu bado ni changa. Katika wiki ya tatu mshono una nguvu isiyofika hata nusu ya ngozi nzima. Mwili unaendelea kusuka kolajeni, kuivunja na kuisuka upya, na kazi hiyo huchukua mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu. Katikati ya kipindi hicho kovu huwa jekundu au jeusi, gumu, la kuwasha, kabla ya kulainika. Takwimu inayofunga hesabu mwezi wa kwanza haina uwezo wa kusema chochote kuhusu kovu, hata iwe imekusanywa kwa uaminifu namna gani. Ukienda kwa waliofuatilia wagonjwa kwa muda mrefu, picha inabadilika. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2006, iliyowapitia wagonjwa 40, ilikuta robo yao walipata tatizo la aina fulani, asilimia 12.5 walirudi kufanyiwa marekebisho, na asilimia 5 waliumizwa mshipa wa fahamu unaopita upande wa ndani wa mkono, ambao ukikatwa huacha ganzi kwenye ngozi ya mkono wa chini. Ni wagonjwa wachache, nakubali, na hiyo 12.5 ni watu watano tu. Hata hivyo wagonjwa hao wachache waliofuatwa muda mrefu wanatuambia zaidi kuhusu kovu kuliko maelfu waliotazamwa mwezi mmoja.

Kwa msomaji mwenye ngozi nyeusi, hesabu hii ina tarakimu moja zaidi. Madaktari hutofautisha makovu mawili yanayoinuka. La kwanza huvimba ndani ya mipaka ya kidonda, hujitokeza wiki chache baada ya upasuaji, na mara nyingi hupungua lenyewe kadiri miezi inavyopita. La pili ni keloidi: huvuka mpaka wa kidonda na kuingia kwenye ngozi iliyokuwa nzima, linaweza kuanza miezi mingi baadaye, linawasha na kuuma, na kwa kawaida halirudi nyuma. Keloidi huwapata zaidi watu wenye asili ya Afrika. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta keloidi kwa takriban watu 8 katika kila 100, na jambo la kuvutia ni kwamba kwa Watanzania wenye ualbino kiwango kilikuwa karibu sawa. Maana yake weusi wenyewe wa ngozi hauwezi kuwa sababu. Kuna kitu kinachorithiwa, kinachopita kwenye damu ya familia. Kwa hiyo mwenye ngozi angavu asijifariji kwa rangi yake kama mama na shangazi zake wana keloidi.

Kuna watakaosema kwamba mazungumzo ya aina hii yanawatisha Waafrika bure, na kwamba yamewahi kutumiwa na madaktari wa nje kuwakatalia wagonjwa weusi huduma wanazopewa wengine. Hoja hiyo ina uzito. Tarakimu ile ile ya 8 kati ya 100 inasema pia kwamba 92 hawana keloidi, na kumnyima mtu upasuaji kwa kutazama rangi yake ni uvivu wa kufikiri. Lakini jibu la uvivu huo ni kumchunguza mtu mmoja mmoja, na mwili wa mtu mzima una ushahidi mwingi. Matundu ya masikio yalipona vipi? Kovu la upasuaji wa kujifungua limekaa bapa au limeinuka? Chunusi za kifuani, chale, alama ya kuungua na pasi, kidonda cha ajali ya bodaboda: vyote ni majaribio ambayo ngozi hiyo imeshafanyiwa. Ushahidi mmoja usitegemewe sana, nao ni alama ya chanjo ya kifua kikuu aliyopewa mtu akiwa mchanga. Keloidi ni nadra kwa watoto wachanga na huwa nyingi zaidi kati ya ujana na miaka ya thelathini, kwa hiyo alama iliyopona vizuri utotoni haithibitishi kwamba kidonda cha ukubwani kitapona hivyo hivyo. Alama hiyo ikiwa imegeuka keloidi, hata hivyo, hilo ni onyo la kuzingatiwa.

Pingamizi jingine husikika sana: daktari hodari haachi kovu. Hodari hupunguza ubaya wa kovu, na tunajua jinsi anavyofanya. Mvuto ndio adui mkubwa. Daktari Rei Ogawa wa Japani na wenzake wameonyesha kwa miaka mingi kwamba keloidi hupenda sehemu ambazo ngozi huvutwa kila mara, kama kifuani na mabegani, na huonekana kwa nadra sana kwenye kope za juu. Ndiyo maana mbinu iliyoelezwa na daktari wa upasuaji Lockwood mwaka 1995 ilikuwa hatua kubwa: alishikiza tabaka la ndani la mkono kwenye utando imara wa kwapa, ili nyuzi za ndani zibebe mzigo na ngozi ya juu isivutwe. Wengine huupinda mstari kwa umbo la herufi Z unapopita kwapani, ili kovu lisikaze likamzuia mtu kuinua mkono. Yote hayo ni ya maana, na mgonjwa ana haki ya kuuliza daktari wake anatumia mbinu ipi. Lakini mikono hufanya kazi siku nzima, huinua ndoo, hubeba watoto, hutwanga. Mvuto hauishi nyuzi zinapotolewa. Na mwelekeo wa kurithi hauko mikononi mwa daktari yeyote.

Kuhusu dawa za baadaye, tahadhari inahitajika zaidi ya matumaini. Vibandiko na jeli za silikoni hutumika kila mahali na havina madhara makubwa, ila jopo la Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, lilipopitia tafiti za silikoni mwaka 2013 lilikuta ushahidi dhaifu kutokana na tafiti zenye ubora duni. Sindano za steroidi zinazochomwa ndani ya kovu husaidia wengi kulilaza na kupunguza muwasho, kwa awamu zinazorudiwa kila baada ya wiki kadhaa, zikiwa na uchungu wake na uwezekano wa kuifanya ngozi ya pembeni ipauke au kusinyaa. Kulikata keloidi bila tiba nyingine kunalirudisha mara nyingi mno, pengine likiwa kubwa kuliko mwanzo. Fikiria basi keloidi inayofuata mstari mrefu katika kila mkono, upande wa ndani unaosuguana na mbavu.

Pamoja na hayo yote, wapo ambao mabadilishano haya yanawafaa. Aliyepungua uzito mwingi, ambaye ngozi yake inachubuka kwa jasho, inapata fangasi kwenye mikunjo na kumzuia kuvaa nguo za saizi ya mwili wake, anatoa mzigo wa kila siku na kupokea mstari anaoweza kuuzoea. Kama makovu yake ya zamani ni bapa, uzito wake umetulia kwa miezi sita hivi, havuti sigara na sukari yake imedhibitiwa, mizani inaelemea upande wa upasuaji. Kwa mwenye ulegevu mdogo unaomkera kwenye picha za harusi, mizani ni nyingine kabisa. Na kwa anayevaa baibui au mikono mirefu kila atokapo, swali ni jepesi kulisema ingawa si jepesi kulijibu: nguo inafunika ngozi iliyolegea vilevile inavyofunika kovu, basi ni nani hasa atakayeuona mkono huo, na yeye angependa kuona kipi?

Picha za kabla na baada haziwezi kumjibu. Nyingi hupigwa mikono ikiwa imekaa kwa namna inayoficha mshono, na za ngozi nyeusi ni chache. Mgonjwa aombe picha zilizopigwa baada ya mwaka mmoja au zaidi, mikono ikiwa imeinuliwa, za watu wenye ngozi kama yake. Anayesafiri nje ya nchi, India au Uturuki kwa mfano, akarudi baada ya wiki mbili nyuzi zikiwa zimetolewa, ana jambo jingine la kupanga kabla ya kukata tiketi: kovu likianza kuinuka mwezi wa tatu au wa nne, awe tayari anamjua daktari wa ngozi aliye karibu atakayelitazama na kumchoma sindano mapema, na awe ameweka kando fedha za mahudhurio hayo, kwa sababu bei aliyotajiwa huko kwa kawaida haiyajumuishi.