Pombe Kali, Shamba na Hifadhi ya Mazingira

Bidhaa nyingi siku hizi huuzwa kwa jina la kuhifadhi mazingira. Jina si hoja. Wajibu wetu ni kuchunguza jinsi kitu chenyewe kinavyozalishwa, tangu mbegu hadi taka, ndipo tutoe hukumu. Tuchukue mfano wa shamba la Arbikie, katika eneo la Angus, mashariki ya Uskoti, ambalo ni mali ya familia ya Stirling na ambalo hutengeneza pombe kali kutokana na mazao yake.

Kwa kawaida pombe kali ya huko hutokana na nafaka, kama vile ngano na shayiri. Nafaka hizo hudai mbolea nyingi ya naitrojeni. Mbolea hiyo hutengenezwa viwandani kwa kutumia gesi asilia. Na ikishatiwa ardhini, sehemu yake hugeuka kuwa hewa ambayo, kwa uzito ule ule, huipasha dunia joto mara 270 hivi kuliko hewa ya ukaa. Kwa hiyo madhara huanza shambani, kabla moto haujawashwa chini ya mtambo.

Mwaka 2020 shamba hilo lilitoa jin iitwayo Nàdar, itokanayo na njegere. Kama zilivyo kunde na maharage, njegere hushirikiana na bakteria wa mizizini ambao huvuta naitrojeni kutoka hewani, nazo hustawi bila mbolea hiyo ya kiwandani. Ujuzi huu ulitokana na utafiti wa mtaalamu wa mtambo huo, Kirsty Black, pamoja na wanasayansi wa Taasisi ya James Hutton na Chuo Kikuu cha Abertay.

Kinachogeuka kuwa pombe ni wanga. Protini hubaki katika machicha, ambayo huweza kulishwa mifugo. Hapa ndipo penye kiini cha suala letu. Wazalishaji hudai kwamba kila chupa ya mililita 700 huipunguzia dunia kilo 1.54 za hewa ya ukaa. Lakini chupa haimezi hewa. Hesabu hiyo inategemea machicha kuchukua nafasi ya soya iagizwayo kutoka nje, ambayo kilimo chake kimechangia kufyekwa kwa misitu ya Amerika ya Kusini. Machicha yakimwagwa, hesabu nayo humwagika.

Tunajifunza nini? Kwanza, udogo wa kiwanda au umilikaji wa familia si ushahidi. Mtambo mdogo nao huweza kumaliza kuni na kuchafua mto. Pili, zao na taka vina uzito kuliko sifa za chupa. Tatu, kila dai la hesabu lina masharti yake, na asiyeyajua masharti hajaijua hesabu.

Basi kila tunapoelezwa kwamba bidhaa fulani haidhuru mazingira, tuulize: zao lake linalishwa nini? Moto wake unatoka wapi? Machicha yake yanakwenda wapi?