Kuku, Brokoli na Sinia Moja

Shukrani zote zamwendea Mwenyezi Mungu, Mwenye kuwaruzuku viumbe wake wa bara na bahari. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu waheshimiwa, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu mnaosimama mbele ya jiko kila siku, juma hili tumependa kuzungumzia jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo mno kuandikiwa makala. Nalo ni kitoweo cha kuku kilichopikwa nyumbani pamoja na mboga iitwayo brokoli, kikaliwa na watu wa nyumba wakiwa wamekaa pamoja. Tumelichagua kwa sababu wazazi wengi hutulalamikia jambo moja: watoto wao hawali mboga. Wameamrisha, wamebembeleza na wamekemea, na mboga imebaki pembeni mwa sahani vile vile.

Kabla ya kuwalaumu watoto, natuitazame nyumba jinsi ilivyo jioni. Mama amepika. Mtoto wa kiume amekwisha kula chipsi na soda njiani, naye aingia akiwa hana njaa. Binti achukua sahani yake, aenda nayo chumbani, mkono mmoja wa kulia na mwingine wa simu. Baba arejea kazini baada ya Isha, apakuliwa kilichobaki, ala peke yake akitazama habari. Mama mwenyewe alikuwa akionja-onja jikoni, na hakuketi kabisa. Chungu kilikuwa kimoja, lakini watu wanne wamekula mara nne, na hakuna aliyemwona mwenziwe akila. Mtoto huyo ambaye hajapata kumwona baba yake akitia mboga kinywani, atajifunza wapi kuila?

Swali hili lina jibu katika sira. Imepokewa katika Bukhari na Muslim ya kwamba fundi mmoja wa kushona alimwalika Mtume (s.a.w.) chakula, na Anas bin Malik (r.a.), aliyekuwa kijana mdogo mwenye kumhudumia, akafuatana naye. Waliletewa mkate wa shayiri na mchuzi wenye boga na nyama iliyokaushwa. Anas alimwona Mtume akilifuata boga kwenye pembe za bakuli, akaeleza kwamba tangu siku ile hakuacha kulipenda boga. Natuzingatie hapa. Anas hakuhutubiwa juu ya manufaa ya boga, wala hakutishwa wala kuahidiwa zawadi. Alikuwa ameketi penye chombo kimoja na mtu ampendaye, akamwona akila, naye akapenda alichokipenda.

Basi hiyo ndiyo njia tunayoitaka kwa brokoli na kwa kila mboga nyingine.

Brokoli si mgeni wa mbali kama inavyodhaniwa. Ni ya aina moja na kabichi, koliflawa na sukumawiki, ila kwa sukumawiki twala jani, na kwa brokoli twala ua ambalo halijachanua. Jina lake limetoka kwa Waitaliano. Mmea huu hupenda baridi, ndiyo maana hapa kwetu Kenya hustawi nyanda za juu, pande kama za Limuru na Kinangop, ukatuteremkia pwani kwa malori. Wako watakaosema kwamba si chakula cha kwetu. Twawakumbusha kwamba muhogo, mahindi, nyanya, pilipili na mbatata asili yake ni Marekani, navyo havikuwa vikijulikana pwani hii kabla ya Wareno kuzijia bahari zetu. Leo ni nani atakayesema kwamba muhogo wa nazi si chakula cha Waswahili? Jiko la pwani tangu zamani hupokea wageni, likawavika tui la nazi, wakawa wenyeji.

Manufaa yake ni mengi. Gramu 100 za brokoli mbichi zina takriban miligramu 89 za vitamini C, nacho ni kiasi kinachokaribia mahitaji ya mtu mzima kwa siku nzima. Ina nyuzinyuzi zinazosaidia tumbo, na wanga wake ni mdogo, jambo lenye faida kwa wenye maradhi ya sukari. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kila siku, na ni nyumba chache zinazofikia kiasi hicho kwa kachumbari ya pembeni peke yake. Ila mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda amshauri daktari wake kabla ya kuizidisha, kwani brokoli ina vitamini K kwa wingi, na vitamini hiyo huweza kupunguza nguvu za baadhi ya dawa hizo.

Ama kuku, utukufu wake watosha kwamba Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) ameshuhudia kumwona Mtume (s.a.w.) akimla. Aliyasema hayo pale mtu mmoja alipojitenga na chakula kwa sababu aliwahi kumwona kuku akila uchafu. Na imepokewa kwamba Ibn Umar (r.a.) alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu kabla ya kumchinja. Kwa hivyo, mwenye kufuga kuku wanaozurura majaani na afuate mwendo huo. Na mwenye kununua ahakikishe kwamba kuku amechinjwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, kwani uzuri wa mapishi hautengenezi kilichoharibika tangu kisuni.

Sasa natuingie jikoni. Kwa watu sita, tayarisha kuku mmoja wa kilo moja na nusu hivi, aliyekatwa vipande, vichwa viwili vya brokoli, nazi mbili, vitunguu maji viwili, nyanya tatu, punje tano za kitunguu thomu na kipande cha tangawizi vilivyotwangwa pamoja, kijiko kidogo cha bizari ya manjano na nusu yake ya bizari nyembamba, pilipili mbichi, ndimu na chumvi. Kuna nazi, kamua tui zito uliweke kando, kisha kamua tui jepesi.

Anza na brokoli. Igawe vijitawi vidogo vidogo, uiloweke katika maji ya chumvi kwa dakika 10 au 15, kwani viwavi vya kijani hupenda kujificha ndani ya maua yake na jicho huweza kuvipita. Kisha isuuze kwa maji safi. Shina lake usilitupe: menya ganda gumu la nje, ukikate kiini vipande vyembamba, kwani ni kitamu na umekwisha kukilipia. Kuku naye, ukimwosha kwa ndimu kama ilivyo ada yetu, mwoshe mbali na mboga, maji yake yasiirukie, na kisu na ubao wake usivitumie kwa mboga kabla ya kuviosha kwa sabuni.

Kaanga vitunguu katika mafuta kidogo hadi vilainike, tia thomu na tangawizi, kisha bizari, kisha nyanya. Zikishaiva na mafuta yakaanza kujitenga, tia kuku na chumvi, umgeuze-geuze hadi viungo vimwenee. Mimina tui jepesi, funika, na moto uwe wa wastani. Kuku wa kisasa huiva kwa nusu saa hivi, ilhali wa kienyeji huhitaji saa nzima au zaidi. Dalili ya kuiva ni kulichoma paja kwa ncha ya kisu, na maji yatokayo yawe maangavu, yasiwe na wekundu.

Hapo ndipo zamu ya mboga. Tangulia na vipande vya shina kwa dakika mbili, kisha vijitawi, kisha tui zito, huku ukikoroga polepole lisikatike. Dakika nne au tano zatosha. Epua brokoli ikiwa ingali ya kijani kilichokoza na ina ugumu kidogo mdomoni, ukamulie ndimu baada ya kuepua. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Brokoli iliyochemshwa muda mrefu hugeuka rangi ya majani makavu, hutoa harufu nzito, huwa laini kama uji, na sehemu kubwa ya vitamini C hupotea. Mtoto aliyeionja mara ya kwanza ikiwa katika hali hiyo, akaikataa, hana lawama.

Wenye presha na mafuta mengi ya damu wapunguze tui zito au waache kulitia, mchuzi wa tui jepesi na nyanya watosha. Chumvi nayo ipimwe, kwani kiasi cha mtu mzima kwa siku nzima hakifiki kijiko kimoja cha chai kilichojaa, na vile vidonge vya supu vinavyouzwa madukani vina chumvi nyingi ndani yake. Na mwenye sukari ajue kwamba brokoli haiufuti wali ulio chini yake: azidishe mboga na kuku, apunguze wali.

Chakula kimeiva, na sasa ndiyo kazi kubwa zaidi kuliko kupika. Twawaomba wenye nyumba wachague mlo mmoja kwa siku ambao wote watakutana. Kwa nyumba nyingi utakuwa ni baada ya Magharibi au Isha, watoto wakiwa wametoka chuoni. Baba akichelewa, na wamngoje kwa kiasi wanachoweza, naye ajue kwamba anangojwa. Simu ziwekwe mbali. Utandikwe mkeka, upakuliwe wali katika sinia moja, na mama aketi pamoja na wengine, kwani aliyepika ana haki ya kula kikiwa moto.

Na katika kupakua kuna hekima. Mtume (s.a.w.) alimfundisha Umar bin Abi Salama, mtoto aliyelelewa nyumbani kwake, ambaye mkono wake ulikuwa ukizunguka katika chombo, ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Wanazuoni wameeleza kwamba kulifuata boga pembe za bakuli hakupingani na mafundisho haya, kwa sababu wanaokula naye hawakuchukizwa na hilo, bali walifurahi. Basi mama apakuapo, asirundike nyama katikati na mboga upande mmoja. Aizungushe brokoli sinia zima, ili kila mkono mdogo uikute mbele yake pamoja na kipande cha kuku. Adabu ya kula kilicho mbele itafanya kazi ambayo makemeo hayakuifanya.

Baba naye ana wajibu wake, nao ni kula mboga hiyo mbele ya wanawe, tena kwa furaha. Akiisukuma kando, basi hotuba yote ya mama imevunjika. Na ikiwa chumvi imezidi au tui limekatika, asikitie ila. Abu Huraira (r.a.) ametusimulia kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kukitia ila chakula: akikipenda alikila, na asipokipenda alikiacha. Ni wake wangapi walioacha kujaribu upishi mpya kwa sababu ya neno moja lililosemwa mbele ya watoto?

Tusiisahau nyumba ambayo mkono wake haufiki. Brokoli huja na bei yake, na zipo siku ambazo hupanda. Siku hizo ndugu yake sukumawiki apikwe kwa tui lile lile, au mchicha, au kisamvu, au boga lenyewe alilolipenda Anas. Na kuku mmoja aliyekatwa vipande vidogo katika mchuzi wenye mboga nyingi hulisha watu wengi kuliko kuku yule yule aliyekaangwa mapande makubwa. Maswahaba waliposhtaki kwamba wanakula na hawashibi, Mtume (s.a.w.) aliwauliza kama pengine wanakula mbalimbali, walipokiri akawaelekeza kukusanyika kwenye chakula chao na kulitaja jina la Mwenyezi Mungu, wapate kubarikiwa. Mwenye njaa nyumbani mwake na aanze hapo. Na mwenye wasaa akumbuke wasia aliopewa Abu Dharr (r.a.), wa kuongeza maji katika mchuzi na kuwaangalia majirani. Bakuli moja likivuka ukuta kwenda kwa ajuza anayeishi peke yake, mtoto aliyelibeba atajifunza lililo kubwa kuliko mboga.

Lau tutashindwa kukutana siku saba kwa juma, natukutane tatu, na lau zitashindikana tatu, natuanze na usiku mmoja. Watoto hawakai mkekani petu milele. Baada ya miaka michache sinia litakuwa kubwa kuliko waliolizunguka, na hapo atakayepika kuku kwa brokoli huko aendako, akamwambia mwanawe kwamba hivi ndivyo tulivyokuwa tukila kwetu, atakuwa amebeba nyumba yake pamoja naye.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu, awaponye wagonjwa wetu, na azikusanye nyoyo za watu wa nyumba zetu kama zinavyokusanyika mikono yao katika sinia moja. Amin.

Wabillahi tawfiq.